Wino Ulikuwepo

Mke wangu aliuliza maneno mawili tu: "Wino upo?" Mtu mwenye akili zake angejibu "upo", akachapa, akalala. Barua yenyewe ilikuwa kurasa tatu za maandishi meusi matupu, na ilitakiwa saa mbili asubuhi. Mimi nikasema ngoja nihakikishe.

Katriji za printa yetu, yaani vile vikasha vya wino, zimezibwa pande zote, kuzichungulia ni kupoteza muda. Nikaiwasha kompyuta. Kwenye orodha ya vifaa nikaikuta printa yetu mara mbili: moja kwa jina lake, nyingine kwa jina lilelile na maneno "nakala ya 1". Nikabofya yenye jina safi. Haipo mtandaoni, nikaambiwa. Printa iko hatua mbili kutoka nilipokaa, taa inawaka, tunatazamana, lakini haipo! Ikabidi niende kwa nakala, nayo ikanifungulia kidirisha chenye mirija minne: nyeusi, samawati, majenta na njano. Nyeusi nusu, njano imepungua kidogo, mengine shwari.

Ningeishia hapo. Lakini chini kulikuwa na maandishi madogo, saizi ya chungu, yakisema kiwango hiki ni makadirio. Kumbe printa ya aina hii haipimi wino. Inahesabu vitone ilivyorusha na kuvitoa kwenye jumla. Ni sawa na kujua maji ya mtungini kwa kuhesabu vikombe vilivyochotwa, mtungi wenyewe hujauchungulia. Basi mimi wa kukubali makadirio usiku ule?

Nikachapa karatasi ya majaribio. Mistari myeusi safi, samawati safi. Ya njano nikaiona ina pengo. Niseme kweli: njano juu ya karatasi nyeupe, kwa taa ya usiku, hata tai angebahatisha. Programu ikauliza kama mistari imekamilika. Nikajibu hapana, ikanishauri tusafishe kichwa cha kuchapia. Printa ikaguna, ikakohoa, ikajikuna ndani kwa ndani, kisha kimya. Nikachapa majaribio tena. Pengo lipo. Tukasafisha tena. Na tena. Mara ya nne nikachagua "usafishaji wa kina", na kuna onyo lilijitokeza hapo, nikabofya "sawa" kwa kasi ileile tunayokubalia masharti tusiyoyasoma.

Onyo lilikuwa linasema usafishaji hutumia wino mwingi. Namna ya kusafisha ni kuufyonza wino wenyewe kupitia vitundu vya kichwa na kuumwaga kwenye sponji iliyo tumboni mwa printa. Rangi zote nne, hata zile zisizo na kosa. Kwa hiyo muda wote niliokuwa nauliza wino umebaki kiasi gani, nilikuwa naunywesha sponji.

Nilipokirudia kidirisha, njano ilikuwa na alama nyekundu ya msalaba. Nyeusi ilibaki tone la huruma, ila kwa kurasa tatu ingetosha. Nikaituma barua. Printa ikagoma: badilisha katriji ya njano. Nikachagua nyeusi na nyeupe. Badilisha njano. Nikaizima, nikahesabu hadi thelathini, nikaiwasha kwa upole kama mtu aombaye radhi. Njano! Barua isiyo na hata nukta moja ya njano!

Mke wangu akatokea mlangoni, macho nusu. Akaitazama meza: karatasi tano za mistari ya rangi, barua hakuna.

"Wino upo?"

"Ulikuwepo."

Hakuongeza neno. Aliingia chumbani, akarudi na karatasi nyeupe na kalamu, akaviweka mbele yangu.

"Hii ina wino," akasema. "Usiipime."