Msihesabu Bunduki, Hesabuni Risasi za Mazoezi

Wizi wa mifugo ukishika kasi kaskazini mwa Bonde la Ufa, hafla hufuata, tena ileile. Vijana wamejipanga na sare mpya, kiongozi anakabidhi bunduki, na hotuba inataja idadi: polisi wa akiba (NPR) kadhaa Baringo, kadhaa Turkana, kadhaa Samburu. Hakuna anayesema kila kijana amefyatua risasi ngapi uwanjani kabla ya kukabidhiwa silaha. Linaniudhi sana, maana hiyo ndiyo hesabu inayoonyesha kama atawalinda majirani zake au atamuua mwenzake gizani.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 110, inamruhusu mkazi wa Kenya aliyetimiza miaka 18 kujitolea kuwa polisi wa akiba. Kujitolea si ujuzi. Kuruta wa polisi hukaa chuo cha polisi cha Kiganjo miezi. Huyu wa akiba hupewa wiki chache, na sehemu kubwa huliwa na kwata.

Chukua G3, bunduki ya kivita wanayokabidhiwa. Ina uzito wa zaidi ya kilo 4, magazini yake inabeba risasi 20, na inapiga bega kwelikweli. Aliyeifyatua mara tano tu amejifunza kuiogopa: anafumba macho, anavuta kifyatulio kwa pupa, na risasi inakwenda kando. Kabla hata ya kufundishwa shabaha, bunduki lazima irekebishwe kwa jicho la mwenyewe. Anapiga risasi tano, mkufunzi anaangalia zimeangukia wapi, kilengeo kinasogezwa, anarudia, kisha anarudia tena. Hizo ni 15. Kilengeo cha nyuma cha G3 kinahitaji kifaa chake maalumu ili kupandishwa au kushushwa. Kambi isiyo nacho itamwachia kijana bunduki iliyorekebishwa kwa macho ya mtu mwingine. Ongeza risasi 10 akiwa amelala, 10 akiwa amepiga goti, na 10 usiku, maana wezi wengi huja usiku. Chini ya risasi 45, msiniambie amehitimu.

Ajali nyingine hutokea bunduki ikiwa kambini, wakati wa kuondoa risasi. Mtutu uelekezwe pasipo na mtu. Magazini itoke kwanza, kisha ukoki, yaani uvute mkono wa bunduki nyuma, risasi iliyomo iruke nje, uangalie chemba, mahali risasi inapokaa, kwa jicho na kuipapasa kwa kidole. Mtu aliyechoka baada ya doria hukoki kwanza ndipo atoe magazini. Akifanya hivyo, risasi ya kwanza inaruka, ya pili inaingia mahali pake, naye anaamini bunduki ni tupu. Kosa hili halitibiwi kwa mhadhara. Linatibiwa kwa kurudia utaratibu huo mpaka mikono iuzoee.

Jedwali la Sita la sheria hiyohiyo, linalosema bunduki itumike njia nyepesi zikishindwa, na onyo litolewe kwanza, lisomwe kwa Kiturkana, Kipokoti na Kisamburu. Risasi zihesabiwe zinapotoka na zinaporudi. Posho ilipwe, kwa sababu mwenye njaa atauza risasi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba aliye Kapedo, mpakani mwa Baringo na Turkana, hawezi kungoja mtaala mzuri wakati ng'ombe wanaswagwa. Mwaka 2019 serikali ilipowapokonya polisi wa akiba silaha ili wapigwe msasa upya, wakazi walilalamika kwamba wameachwa wazi, na walikuwa na haki kulalamika. Lakini mafunzo yanaweza kufanywa kwa zamu, kundi moja uwanjani, jingine doria.

Kuhusu msasa wenyewe, baraza la chifu litamtambua mwenye hasira za karibu haraka kuliko cheti cha mwenendo mwema. Vitumike vyote viwili.

Kinachobaki ni leseni. Raia mwenye bastola chini ya Sheria ya Silaha, Sura 114, hurudi kila mwaka kuhuisha cheti chake. Mwenye G3 ya serikali apewe kadi yenye namba ya bunduki, tarehe aliyolenga shabaha mara ya mwisho na alama alizopata. Ikipita miezi 12 bila tarehe mpya, mkuu wa kituo cha polisi (OCS) airudishe bunduki ghalani hadi mwenyewe arudi uwanjani.