Kabla ya kuicheka dikte ya zamani

Kijana wa Bukavu anayejiandikisha kwenye kituo cha Kiingereza hutaka aongee upesi. Dikte na orodha za maneno huziona mateso ya enzi za babu. Anayeucheka ufundishaji wa zamani ana haki, lakini nusu tu.

Mwandishi Lindley Murray alichapisha gramatika yake ya Kiingereza mwaka 1795, ikaenea shule za Uingereza na Marekani. Kanuni zake zilifuata mno mkondo wa Kilatini. Mtoto alizikariri, kisha akapewa sentensi zilizoharibiwa makusudi azisahihishe. Angeweza kumaliza yote hayo bila kuandika barua yake mwenyewe hata moja. Hapo sibishani.

Tahajia ni kesi nyingine. Kitabu cha tahajia cha Mmarekani Noah Webster, cha 1783, kilianza na silabi, kikapanda hadi maneno marefu, watoto wakitaja herufi kwa sauti. Kilitumika katika madarasa ya chumba kimoja, wakubwa kwa wadogo, vitabu haba. (Mwalimu gani wa kwetu asiyelijua darasa hilo?) Kwa Kiswahili, aliyeshika ba, be, bi, bo, bu karibu amemaliza kazi. Kiingereza hakina huruma hiyo: though, through, tough, cough, mkia mmoja, sauti nne. Uchapaji ulioingia Uingereza mwaka 1476 ulisaidia kugandisha maandishi huku matamshi yakiendelea kubadilika, na maongezi hayawezi kumfunulia mtoto herufi zisizosikika. Ni jicho na mkono, tena na tena. Mtoto wetu ana mzigo wa ziada, maana Kifaransa cha shuleni kinamvuta mkono: anaandika adresse, exemple, langage, hata pale neno la Kiingereza limemtoka mdomoni safi kabisa. Nalo hilo si dogo, kwani barua ya kuomba kazi husomwa kabla mwenyewe hajaitwa kusema lolote.

Uingereza yenyewe, ambako shule nyingi ziliiweka gramatika pembeni tangu miaka ya 1960, ilianzisha mwaka 2013 mtihani wa gramatika na tahajia kwa watoto wanaomaliza msingi. Walimu wengi waliulalamikia kwa kulimbikiza istilahi, nami nawaelewa.

Ningeacha fimbo na istilahi, nikabakiza dikte fupi ya sentensi ambazo mwanafunzi atazihitaji kweli, akisahihisha mwenyewe kaye mkononi. Haidai kompyuta wala umeme.