Nani anachagua somo la Jumapili?

Dodoma ina makanisa mengi yanayojiita ya kiinjili, na karibu yote yatakuambia kwamba Biblia ndiyo msingi. Yanapoachana ni kwenye jambo ambalo waumini wengi hawalitilii maanani: ni nani aliyeamua kwamba Jumapili hii kisomwe kifungu hiki na si kile? Kwa Waanglikana, na kwa Walutheri wa KKKT vilevile, kalenda ya kanisa inayopanga masomo ya kila Jumapili imeshaamua. Msomaji anasimama, anasoma Agano la Kale, Waraka na Injili, na mhubiri inambidi ashughulike na alichopewa. Katika makanisa mengi ya Kipentekoste na huduma changa zilizojaa Nkuhungu, Chang'ombe na Ipagala, mtumishi ndiye anayechagua, baada ya maombi, kadiri anavyoona Mungu anamwongoza.

Wanaotetea kalenda wana hoja nzito, nami nitakaa nayo kidogo. Chukua Isaya sura ya 5. Inaanza na wimbo wa shamba la mizabibu: mwenye shamba amelima, ametoa mawe, amepanda mizabibu bora, kisha anavuna zabibu-mwitu. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi hahitaji kufafanuliwa hasara hiyo. Lakini sura haiishii hapo. Nabii anasema Mungu alitazamia haki akaona dhuluma, halafu mstari wa 8 unawatangazia ole wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, mpaka wengine wakose pa kukaa. Sasa tazama tunapoishi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, viwanja vimepanda bei na ugomvi wa ardhi haujaisha. CDA yenyewe, iliyokuwa na mamlaka juu ya ardhi ya mji huu, ilivunjwa mwaka 2017 baada ya malalamiko ya miaka mingi. Mhubiri anayejichagulia somo, huku waumini wake wakubwa kwa sadaka ni watu wa biashara ya viwanja, ataufungua lini mstari huo? Pengine ataufungua, maana wapo wajasiri. Ila kalenda ikiupanga, haisubiri ujasiri wake.

Kalenda pia inamfaa katekista wa kijijini. Ibada nyingi za Ugogo haziongozwi na kasisi. Kasisi ana makanisa kadhaa na barabara ni mbaya wakati wa masika. Anayesimama mbele ni mkulima mwenzetu mwenye mafunzo machache. Akiwa na masomo yaliyopangwa, waumini watasikia Neno hata siku mahubiri yake yakiwa dhaifu.

Upande wa pili nao una haki yake, na wenye kalenda hawapendi kuusikia. Nenda kwenye kanisa kongwe uangalie mikono ya watu: kitabu cha nyimbo kipo, Biblia haipo. Somo linasomwa kwa sauti ya kutimiza wajibu, watu wanajibu inavyopasa, wanakaa. Nenda kwa Wapentekoste: binti wa miaka 20 ana Biblia iliyochakaa, kalamu na daftari, anapiga mstari, na kesho yake anaweza kukutajia sura na aya kwa kichwa. Nani kati ya hao anaishi na Maandiko? Halafu yupo mama mwenye mtoto mgonjwa, na kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma akakaa bila kazi. Wamekuja na swali linalowachoma, na kalenda siku hiyo imewapa jambo jingine kabisa. Mchungaji anayewajua watu wake akachagua neno la kuwainua hakosei.

Isitoshe, kalenda ni kazi ya wanadamu. Nayo inaruka sura na kukata zaburi katikati, mara nyingi pale penye maneno makali. Na kanisa kongwe la hapa lisisahau lilikotoka. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ikaanza mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia. Lakini uhai mwingi uliofuata uliletwa na Uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930, watu wa kutubu hadharani na kushuhudia, ambao hawakungoja kalenda iwaruhusu. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu Uganda, alikuwa mwalimu hapa Dodoma na mmoja wa watu wa Uamsho huo. (Kwaya nazo zinastahili heshima yake: vizazi vya Wagogo wasiojua kusoma walizishika habari za Biblia kwa kuziimba.)

Kinachonitia hofu ni mstari uliong'olewa mahali pake, na hapo wa kujichagulia wamo hatarini zaidi. Yeremia 29:11 uko kwenye stika za bajaji na kwenye status za simu: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Unahubiriwa kama ahadi ya mwaka huu: ajira, ndoa, nyumba. Rudi nyuma mstari mmoja tu: Mungu anawaambia mateka wa Babeli kwamba ukombozi utakuja baada ya miaka 70. Maneno hayo ni sehemu ya barua ambayo Yeremia aliwaandikia mateka hao, na wengi wa waliosomewa wangefia ugenini. Mstari wa 5 unawataka wajenge nyumba na kupanda bustani. Wa 7 unawataka wautakie amani mji ule ule wa adui. Wa 8 unawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao. Kijana asiye na kazi akisomewa barua nzima anapata tumaini gumu zaidi, ambalo halitavunjika Desemba ikifika mikono mitupu. Akipewa mstari wa 11 peke yake, mwaka ukiisha ataambiwa imani yake ilipungua. Huko ni kumwonea.

Kwa hiyo naegemea kusoma kwa mpangilio, ingawa kalenda ya Jumapili peke yake haitoshi. Waberoya katika Matendo 17:11 walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyosema Paulo ndivyo yalivyo, na huyo alikuwa mtume. Kama Paulo alikaguliwa, hakuna askofu wala nabii wa Dodoma aliye juu ya kukaguliwa. Mahali pa kazi hiyo tunapo tayari: jumuiya na seli, yaani vikundi vidogo vya waumini vya katikati ya wiki, pande zote mbili. Shida ni kwamba nyingi zinapokea notsi kutoka kanisani, zikiwa na mistari iliyokwisha kuchaguliwa na majibu yake. Notsi hizo ziwekwe kando kwa miezi michache, watu wasome Yeremia au Yakobo tangu sura ya kwanza hadi ya mwisho, na kiongozi akubali kuulizwa swali ambalo hakujiandaa nalo.