Sinia la futari na ini la mjomba

Ramadhani hii imenitoa machozi ya hasira, na wa kulaumiwa ni sinia. Mjomba wangu pale Bombo, Uganda, ana sirosisi, ini limesinyaa kwa homa ya ini aina B, wala si waragi, ingawa mtaani wapo waliokwisha kumvisha ulevi asioujua. Alifunga kutwa. Ilipoadhiniwa magharibi akawekewa pilau ya kuwatosha watu watatu, matoke juu yake, na maneno yale yale ya mama mkubwa: "Kula, upate nguvu." Akamaliza. Akasifiwa!

Jamani, tuzungumze habari za damu. Robo tatu hivi ya damu inayoingia kwenye ini hupitia kwanza utumboni na kwenye bandama, kisha ikakusanywa na mshipa mmoja mnene, vena porta. Mtu akila, utumbo unadai damu zaidi na unaipata, na yote hiyo lazima ipite kwenye ini. Ini lenye afya ni laini, linaipokea. Tena ateri inayolilisha kwa upande mwingine hupunguza mgao wake ili wingi usizidi. Wewe unapiga mwayo tu na kuomba chai.

Ini la mjomba limejaa makovu, halitanuki. Damu ya mlo mzito inafika mlangoni kama abiria wa Old Taxi Park ya Kampala mkesha wa Idd: wote wanataka kupita, nafasi hakuna. Presha ndani ya vena porta, ambayo ilikuwa juu tangu asubuhi, inapanda zaidi, mara nyingi ndani ya nusu saa baada ya kula. Damu inajitafutia vichochoro kwenye mishipa midogo ya umio, ile njia ya chakula, na ya tumbo, mishipa ambayo haikuumbwa kwa kazi hiyo. Inavimba. Kwa mtu mwenye afya, tofauti ya presha kati ya damu inayoingia kwenye ini na inayotoka haizidi milimita 5 za zebaki. Ikifika 12, mishipa ya umio inaweza kupasuka, na mtu akatapika damu. Aliyekwisha kukaribia mpaka huo, ninyi mnamwongezea kijiko cha tatu kwa mapenzi!

Hata wapimaji wanalijua hili. Ukienda kupimwa ugumu wa ini unaambiwa usile kwa muda wa saa tatu hivi, kwa kuwa chakula peke yake hulifanya ini lionekane gumu zaidi. Sisi kuna ndugu aliyempenyezea mjomba chai na mandazi kwenye foleni. Tukarudishwa nyumbani.

Haya, mama mkubwa ana haki kwa jambo moja, nakiri shingo upande: mgonjwa huyu lazima ale, tena ale vya kutosha. Misuli inamwisha. Miongozo ya madaktari wa Ulaya ya mwaka 2019 inataka kilokalori 35 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa asiye mnene, na protini gramu 1.2 hadi 1.5. Ila vigawanywe! Sahani ndogo mara tano, mara sita, na kitu cha mwisho kabla ya kulala, kwa sababu ini lake halina akiba: usiku mmoja bila chakula unamla mwili kama siku mbili tatu za njaa kwa mtu mzima wa afya. Sasa nielezeni, kufunga kutwa kisha kubugia mlima wa wali magharibi kunamfaa vipi? Al-Baqara aya ya 184 imemruhusu mgonjwa kula na ikataja fidya ya kumlisha maskini. Muulizeni shehe, msimuulize jirani.

Wanaomnyima nyama, maharage na mukene (dagaa) eti protini itampanda kichwani, waache. Chumvi, ndiyo, ipunguzwe, maji yasijae tumboni.

Halafu dawa yake, propranololi. Inapunguza damu inayomiminika kwenye vena porta, hilo kweli, lakini mlo mzito bado unaweza kuipandisha presha, kwa hiyo msiniambie "si anameza dawa". Na akitapika damu, au choo kikawa cheusi chenye kunata, msisubiri kupambazuke wala msimpe maziwa. Mwamsheni mwenye gari, usiku huo huo.