Salio Lako Jipya

Kwanza, salio langu la M-Pesa halikuwa laki mbili. Hiyo laki mbili mmeisikia kwa yule rafiki yangu wa Umoja, ambaye hata akihesabu mandazi sahanini huzidisha kwa saba. Zilikuwa shilingi 31,240. Nina uhakika kwa sababu zilitajwa kwa sauti, pole pole, kwa Kiswahili sanifu, sebuleni kwa Mjomba kule Buruburu, juzi Jumapili, wanakamati 22 wakisikiliza, na Nyanya wa 23.

Pili, laptopu yangu haina jini. Shangazi, kama unasoma hapa, acha kuwaambia watu wa kanisani.

Kosa ni langu, na lilianzia kwenye ugali. Naishi chumba kimoja Kasarani, jiko hatua nne kutoka kitandani, na mnajua ugali ukishashika mwiko haukuachii. Ndipo simu inapoamua kulia. Simu na laptopu yangu zimeunganishwa kwa KDE Connect, programu ya bure ambayo, vifaa vikiwa kwenye mtandao mmoja, arifa za simu zinatokea kwenye skrini ya kompyuta. Lakini skrini nayo inataka macho, na macho yako kwenye sufuria. Nikaikumbuka eSpeak NG, kale kaprogramu ka kusoma maandishi kwa sauti. Inajua lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo. Sauti yake ni ya mtu aliyemeza redio, ila anaeleweka. Usiku mmoja nikaandika skripti ya mistari 40: arifa ikiingia, isome.

Hapo mwenye akili zake angelala. Mimi nikaanza mbwembwe. Nikaifundisha kwamba Ksh ni "shilingi". Vikaragosi vya emoji nikavipa majina kimoja kimoja, hadi saa nane usiku. Menyu ya M-Pesa nikaigeuza iwe ya Kiswahili ili matamshi yasiharibike. KDE Connect ina orodha ya kuchagua ni programu zipi zipitishe arifa na zipi zinyamaze. Niliipitia yote kutoka juu hadi chini, nikaacha tiki kila mahali. Na kwa vile skripti ilikuwa inakufa ovyo, nikaikabidhi kwa systemd na kuandika Restart=always.

Wenzangu wa Linux, naona mmeshashika kichwa. Nyinyi wengine vumilieni, mtaelewa kadiri ninavyoumia.

Skripti hiyo nikaipa jina: Karani.

Sasa, harusi ya binamu. Mjomba ndiye mwenyekiti wa kamati, na kwa kuwa katika ukoo wetu anayejua kubadilisha wino wa printa ni "mtu wa kompyuta", niliagizwa nije na bajeti "ionekane kwa TV". Nikapanda matatu ya 58, nikafika, nikachomeka waya wa HDMI kwenye TV ya inchi 43. TV hiyo imeunganishwa na spika ambayo Mjomba huitumia wakati wa mpira, ile ambayo goli likiingia majirani wanajua limefungwa na nani. Hema, keki, gari la maharusi, mpishi wa watu 150, yote yakawa pale kwenye LibreOffice. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Dakika 20 za heshima nilizipata, nisiwadanganye.

Halafu mweka hazina akasema orodha mpya ya ahadi ameituma kwenye grupu la kamati. Nyumba haina waifai. Nikawasha hotspoti ya simu ili niishushe kwenye laptopu, nikairudisha simu mfukoni. Zikashikana mikono, simu na laptopu, kimya kimya. Mimi Karani nilikuwa nimemsahau kabisa, kwa sababu huku kwangu yeye ni sehemu ya jiko.

Ahadi zikaanza kuzunguka kutoka kochi kubwa. Shangazi, 10,000. Baba mdogo, 8,000 na mbuzi. Ikanifikia. Nikasimama. Nikaweka mkono kifuani, jambo ambalo hakuna aliyeniomba nilifanye.

"Mjomba, Nyanya, wazazi wangu. Mnanijua. Ningependa kusimama na familia kwa nguvu zote, lakini mwezi huu umenikuta kwenye kona mbaya. Mungu ni shahidi, kwenye simu yangu hivi sasa nina shilingi 500 peke yake."

Nilikuwa na 17,240. Zilikuwa na kazi: ramu, yaani kumbukumbu ya kompyuta, ya GB 16, nilikuwa nimeshamwambia muuzaji wa mtaa wa Luthuli aniwekee. Msinihukumu. Nyinyi mnaofungua tabo 60 mnaelewa.

Ukimya ukawa wa huruma. Nyanya akasema, "Pole mjukuu wangu." Na ng'ambo ya meza nikamwona rafiki yangu wa Umoja, ambaye ndiye msimamizi wa bwana harusi, ameinamisha kichwa. Nilidhani ananiombea. Huyu jamaa tangu Machi nilimuuzia laptopu yangu ya zamani, X250, kwa malipo ya pole pole, na alikuwa pole pole kweli: shilingi 14,000, hajalipa hata ya soda. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, dhamiri ilimshika.

Nilikuwa bado nimesimama. Mkono bado kifuani. Kwenye TV, mstari wa 14: maua.

Spika ikakohoa.

"Arifa," ikasema. "Em. Pesa."

Sikuelewa mara moja. Nawaapia nilidhani ni tangazo. Mjomba naye alidhani hivyo, akaanza kupapasa rimoti chini ya mto wa kiti. Kisha Karani akaanza kusoma namba ya muamala. Ile namba ina herufi na tarakimu kumi, na zote alizitaja moja moja, kwa utulivu wa mtu anayetangaza matokeo ya kura: "Ti. Je. Nne. Ka." Kila herufi watu walizidi kunyamaza. "Saba. Bi." Mtoto aliyekuwa analia akaacha kulia. Mimi nilikuwa nimeshajua. Miguu ilijua kabla yangu. Ilikuwa imeanza kwenda upande wa TV bila ruhusa.

"Imethibitishwa. Umepokea. Shilingi. Elfu kumi na nne."

Halafu majina ya rafiki yangu, yote matatu, pamoja na lile la ubatizo ambalo amelificha tangu sekondari. Kichwa chake kikainuka kama cha kuku aliyesikia kisu.

Nikaruka stuli, nikafika kwenye laptopu, nikabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Kitufe hicho kilikufa siku nilipokimwagia chai. Nilikuwa naahirisha kukitengeneza kwa sababu, nilijiambia, ni nani anahitaji kunyamazisha sauti?

"Salio lako jipya," akasema Karani.

Nikang'oa waya wa HDMI. TV ikawa nyeusi, spika ikanyamaza. Nusu sekunde ya pumzi. Nyinyi mnaojua PipeWire, msimamizi wa sauti kwenye Linux, mnajua kinachofuata: ukimnyima njia moja ya sauti anatafuta nyingine. Karani akahamia kwenye vispika vya laptopu yenyewe. Sauti ikawa ndogo, nyembamba, kama ya mtu anayekunong'oneza siri, na watu 22 wakasogea mbele ili wasikie vizuri.

"Ni shilingi. Elfu thelathini na moja. Mia mbili. Arobaini."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniua. Walinitazama tu, kisha mweka hazina, mama mtaratibu sana, akatoa kalamu, akaandika.

Na Karani hakuwa amemaliza, kwa sababu rafiki yangu alikuwa ametuma na ujumbe wa WhatsApp wa kunifariji: "Nimekurushia. Usiwape hawa, nenda kanunue ile ramu yako. Uso unaocheka hadi machozi. Uso unaocheka hadi machozi. Uso unaocheka hadi machozi."

"Karani, nyamaza!" nikapiga kelele. Ndiyo. Nilimwita kwa jina. Mbele za watu.

Nikafungua teminali, vidole vinatetemeka, nikaandika pkill -f karani. Akafa. Nikashusha pumzi. Sekunde moja baadaye systemd akamfufua, kama nilivyomwagiza kwa mkono wangu mwenyewe. Amri ya kumsimamisha kikamilifu naijua kama Baba Yetu, ni systemctl --user stop, lakini saa ile ungeniuliza jina la mama yangu ningeomba muda.

Binti wa Shangazi, yuko gredi ya sita, ndiye aliyegundua. "Ukimtumia kitu kinasomwa!" akasema. Jamani. Simu ngapi zilitoka mifukoni kwa pamoja.

"Arifa. Kamati ya Harusi. Shangazi: mwulize na ya benki."

Nikamuua tena. Akafufuka tena.

"Arifa. Kamati ya Harusi. Baba mdogo: ramu ni pombe gani?"

Hapo ndipo nilipopindua laptopu na kung'oa betri. Wanaonifuata zamani watakumbuka nilivyoisifu laptopu hii, T480, hapa: ina betri mbili, moja nyuma na moja ndani, kiasi kwamba ukichomoa ya nyuma mashine haizimi, unabadilisha huku unaendelea na kazi. Niliandika kwa mbwembwe sana. Basi nikasimama katikati ya sebule ya Mjomba, betri mkono huu, laptopu mkono huu, na laptopu inasema: "Arifa. Kamati ya Harusi. Mwenyekiti: keti chini, kijana."

Mjomba alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Angeweza kuniambia kwa mdomo.

Nyanya akanyoosha fimbo kuelekea laptopu. "Huyo anayeongea ni wa nani?"

"Ni kompyuta, Nyanya."

"Ana adabu. Hapaazi sauti." Akamgeukia Shangazi. "Amepewa chai?"

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka. Baba mdogo aliteleza kwenye kochi. Katika kelele hizo nikakumbuka simu iko mfukoni mwangu, hotspoti ni yangu; nikaizima, na Karani akamalizia "uso" mmoja wa mwisho, akakosa cha kusoma.

Yaliyobaki hayana maana. Nilitoa 15,000 papo hapo. Rafiki yangu alipigiwa makofi kwa kulipa deni hadharani, na jana ndiye aliyezunguka mitaa yote ya Umoja na laki mbili yake. Anasema alinitumia kwa nia njema. Yeye ndiye aliyenisaidia kujaribu skripti mwezi uliopita, mjue. Nimemuuliza kama alisahau. Ananitumia uso unaocheka hadi machozi. Ramu, muuzaji ameshamuuzia mwingine.

Jana jioni Mjomba alinipigia. Jumapili kuna kikao kingine, nifike mapema, na nisimsahau Karani kwa sababu kamati imeamua yeye ndiye atakayesoma majina ya wasiolipa.

Nikamwambia Karani ameharibika, Mjomba, nafikiri ni diski.

Kimya kidogo. Halafu nikamsikia Nyanya, mbali na simu: "Muulizeni Karani mwenyewe."