Jangwa Lilianzia Githurai

Mimi sina gari, sina leseni, na jangwa nilikuwa nimeliona kwenye kalenda tu. Lakini shemeji aliposema Desemba tunaenda Sibiloi, nilijiteua mkuu wa maandalizi kabla chai haijapoa.

Mwezi mzima sikuwa na hadithi nyingine. Kinyozi wangu alijua kwamba Sibiloi iko mashariki mwa Ziwa Turkana na kwamba ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1973. Mama mboga alijua kuna magogo ya kale yaliyogeuka mawe, nayo hayaokotwi hata kibanzi. Dada yangu nilimkataza kuogelea ziwani kwa sababu ya mamba, yeye ambaye huogopa hata mvua. Kisha nikapiga hesabu ya maji: watu wanne, lita tano kila mmoja kwa siku, siku saba. Lita 140. Kwetu mtaa wa Umoja, Nairobi, mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, kwa hiyo majirani waliponiona nikipakia mitungi saba walinitazama kwa jicho la watu wanaoibiwa.

Lakini fahari yangu hasa ilikuwa matairi. Kwenye mchanga hupunguzwa upepo, tairi litandazike kama unyayo wa ngamia, lisizame. Hilo ni kweli kabisa, na hata leo nalishikilia. Usiku wa kuamkia safari nikajiuliza: mbona tuje kuchuchumaa juani kule jangwa la Chalbi, na hapa kuna taa ya geti na kibaridi kizuri? Nikatafuta kijiti, nikashuka. Fyuuu. La kwanza. Fyuuu. La pili. Soja wa geti akaja mbio. "Mzee, kuna shida?" Nikamwambia hakuna, ni mambo ya jangwani. Akanimulikia tochi nione vizuri. Nilimpa mia.

Kitu kimoja tu hakikuniingia akilini: kati ya Umoja na mchanga wenyewe kuna zaidi ya kilomita 500 za lami.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, giza bado. Nilikaa mbele, kilemba kichwani na miwani ya kukinga vumbi, tayari kwa upepo wa Turkana. Outer Ring, shemeji akasema gari linajivuta kama lina usingizi.

"Ni uzito wa maji," nikamwambia.

Roysambu likaanza kuyumba.

"Maji yanacheza kwenye mitungi."

Karibu na Githurai tukanusa mpira unaoungua, halafu pwaa!

Shemeji alishuka, akaliangalia lililopasuka, akayapiga teke matatu yaliyobaki. Tairi lenye upepo kidogo likikimbizwa kwenye lami hujikunja na kupata moto. Alinieleza hayo polepole, kama anayemfundisha mtoto wa chekechea.

"Nani ameyatoa upepo?"

Nikatazama upande wa Mlima Kenya.

"Haya, si kitu. Spea iko."

Nikakohoa.

"Usiniambie."

"Nilitaka yalingane."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Alisimamisha bodaboda, akapakata spea kama mtoto mgonjwa, akatokomea. Sisi tukashusha mitungi ili gari liwe jepesi kwa jeki, nami nikakalia mmoja kando ya barabara, kilemba na miwani vikiwa mahali pake, Githurai inaamka.

"Mzee, ngamia yako iko wapi?" makanga akanipigia kelele kutoka mlangoni mwa matatu. Matatu nzima ikacheka.

Mama mmoja wa chapati hakucheka. Alikuwa na ndoo. "Maji ni pesa ngapi?"

Nikafikiri kidogo. "Hamsini."

"Thelathini."

Shemeji aliporudi na spea iliyojaa na pampu ya mguu ya kuazima, nilikuwa nimebakiwa na mtungi mmoja. Nikamkabidhi shilingi 180 za kuchangia tairi jipya. Alizihesabu mara mbili.

Sibiloi tulifika, siku tatu baadaye, na maji tuliyonunua upya Marsabit kwa bei ambayo dada huitaja kila tukikaa mezani. Tulipoingia mchanga wa Chalbi, shemeji alizima gari, akatoa kipimo chake na kupunguza upepo, tairi moja baada ya jingine. Mimi niliamriwa nibaki ndani, mikono juu ya dashibodi, aione.