Ufunguo Sahihi, Mlango Umefungwa

Jana nimekesha na seva ya Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo. Kuiweka yenyewe si kazi: unafungua akaunti ya mtumiaji git kwenye Linux, unaandika git init --bare, hazina iko tayari. Kilichoninyima usingizi ni ufunguo wa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali.

Nimenakili ufunguo wa umma, nimeuweka kwenye authorized_keys, faili la seva lenye funguo zinazoruhusiwa kuingia, nimeuhakiki herufi kwa herufi. Kila nikisukuma msimbo, jibu ni lile lile: ruhusa imekataliwa. Basi! Nikatengeneza ufunguo mpya, nikaiwasha seva upya, wapi.

Saa nane usiku ndipo nikafungua /var/log/auth.log, faili la kumbukumbu za wanaojaribu kuingia, nikakuta mstari mmoja: umiliki au ruhusa za folda /home/git hazifai. Kuangalia, kumbe kundi zima la watumiaji linaweza kuandika humo. SSH ikiona hivyo inaukataa ufunguo hata uwe sahihi kiasi gani, na ina haki kabisa, maana anayeweza kuandika humo anaweza kupachika ufunguo wake mwenyewe. Wala sidai imweleze sababu kila anayebisha hodi.

Wanaoniudhi ni waandishi wa miongozo. Wanajaza kurasa kuhusu kusakinisha, halafu suala la ruhusa hawaligusi: hata 700 ya folda .ssh na 600 ya authorized_keys, yaani mwenyewe tu aguse, hawazitaji! Wengine wanashauri eti uweke 777, yaani kila mtu aandike, jambo ambalo ndilo linaloufunga mlango kabisa. Jamani, andikeni mistari hiyo miwili. Na mtaje faili la kumbukumbu mwanzoni, kabla mtu hajafuta funguo zake zote.